Ng'ombe Waliomfuata Mke Ziwani: Kwa Nini Visasili vya Mbali Hufanana

(Hotuba kwa walimu wa fasihi simulizi na vijana wanaokusanya ngano, Kisumu)

Wazee wetu, walimu, na ninyi vijana ambao simu zenu ziko tayari kurekodi: hamjambo nyote, na asanteni kwa kuja.

Kisa cha Wajaluo cha Nyamgondho wuod Ombare wengi hapa wanakijua, kwa hivyo nitakipitia haraka. Mvuvi maskini wa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, anatega ziwani, anapata mwanamke badala ya samaki. Anampeleka nyumbani, anamwoa, na boma linajaa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Utajiri unamlevya, pombe nayo inamlevya. Usiku mmoja anarudi, anacheleweshewa lango, anamtukana yule mke na kumkumbusha kwamba alimwokota majini. Mke anaondoka, anashika njia ya ziwani, na mifugo yote inamfuata mpaka inazama. Nyamgondho anabaki ameegemea fimbo yake, na pale pale aliposimama anageuka mti.

Sasa twende Wales, magharibi mwa kisiwa cha Uingereza. Huko milimani kuna ziwa dogo liitwalo Llyn y Fan Fach. Kijana mchungaji anamwona mwanamke juu ya maji, anamtongoza kwa mkate. Mara ya kwanza mkate umeokwa ukawa mgumu mno, anakataliwa. Mara ya pili ni unga mbichi, anakataliwa tena. Mara ya tatu mkate umeiva nusu, anakubaliwa. Baba wa mwanamke anaahidi mifugo kwa kadiri binti atakavyoweza kuhesabu kwa pumzi moja, na binti, mwerevu, anahesabu moja mpaka tano, moja mpaka tano, mara nyingi kadiri pumzi inavyoruhusu. Sharti ni moja: mume akimpiga mara tatu bila sababu, ndoa imekwisha. Pigo la tatu linapofika, mke anaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, nao wanamfuata majini. Hata ndama mweusi aliyekwisha kuchinjwa anashuka kutoka kwenye ndoano. Maksai waliokuwa wakilima wanaondoka na plau yao, wakiacha mfuo ardhini mpaka ukingoni mwa ziwa.

Mtu akisikia visa hivi viwili mara ya kwanza hushtuka. Halafu, kwa haraka, huchukua moja ya njia mbili. Ama atasema visa vyote vya dunia vilitoka mahali pamoja, na watu wengi watataja Misri. Ama atasema akili ya binadamu ni moja, kwa hivyo huzaa visa vilevile popote. Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, alifuata njia hii ya pili, na Joseph Campbell, mwandishi wa Marekani, mwaka 1949 akaitandaza zaidi alipodai kwamba safari za majagina wote, yaani mashujaa wa visa, ni safari moja. Njia zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini zote mbili zina kasoro ileile: zinaanza na jibu, kisha zinatafuta visa vya kulipamba.

Dhamira haitoshi kuthibitisha udugu wa visasili. Mafuriko, chanzo cha kifo, jagina asiyeuawa, mke aliyetoka majini: mambo haya watu wanaweza kuyabuni mara mia bila kukutana. Kinachothibitisha udugu ni kile nitakachokiita chembe ya ziada, yaani kipengele ambacho kisa kingesimama bila hicho, ila kipo. Jaribio lake ni rahisi. Chukua kipengele, kiondoe, kisha simulia kisa upya. Kisa kikianguka, hicho kilikuwa nguzo, na nguzo hazithibitishi kitu, kwa sababu kila mwenye kutaka kusimulia jambo hilo atazisimamisha. Kisa kikiendelea bila shida, umepata chembe ya ziada. Chembe za aina hiyo tatu au nne zikitokea kwa mfuatano uleule katika jamii mbili, hapo anza kutafuta njia zilikopita.

Turudi Gwassi na jaribio hilo. Ng'ombe kumfuata mke ziwani kunaonekana ajabu, lakini ni nguzo. Katika jamii ya wafugaji, utajiri ni mifugo. Kama utajiri ulikuja na mke na ni wake, mke akiondoka utajiri unaondoka, na kama kwao ni majini, utazama. Kisa hakina njia nyingine ya kuishia. Chembe za ziada za Wales ni mkate wa mara tatu, hesabu ya tano tano, ndama wa kwenye ndoano, na mfuo wa plau. Za Gwassi ni ulevi, lango lililofungwa, na fimbo aliyoegemea. Hakuna hata moja iliyovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kwa ushahidi huu, visa hivi si ndugu. Ni majirani wa fikra: jamii mbili za wafugaji kando ya maji, zote zikijua kwamba mume anaweza kumdharau mke aliyemtajirisha.

Mfano wa udugu wa kweli ni huu. Tarehe 3 Desemba 1872, George Smith wa Makumbusho ya Uingereza aliwasomea wasomi mjini London tafsiri ya kibao cha udongo kilichochimbuliwa Ninawi, katika Iraq ya leo. Ni sehemu ya utenzi wa Gilgamesh. Mtu aitwaye Utnapishtim anaonywa, anaunda chombo, anaingiza wanyama, gharika inakuja. Mpaka hapo ni nguzo tupu: mtu aliyeokoka maji mengi lazima awe na chombo. Lakini chombo kinapokwama mlimani, Utnapishtim anamtoa njiwa, anarudi. Anamtoa mbayuwayu, anarudi. Anamtoa kunguru, naye harudi. Kisha anatoa sadaka, na miungu inanusa harufu yake nzuri. Fungua Mwanzo sura ya 8. Nuhu anamtoa kunguru, kisha njiwa, na njiwa tena, na tena. Kisha anatoa sadaka, na Bwana ananusa harufu ya kupendeza. Ndege hawakuhitajika. Nuhu angeweza kuchungulia dirishani. Wala harufu haikuhitajika. Lakini zote zipo, kwa mfuatano mmoja, na hata kubadilika kwa zamu ya kunguru ni kubadilika kunakotarajiwa kisa kinapopita kinywa hadi kinywa.

Na njia inajulikana. Kipande cha utenzi huo wa Gilgamesh kimepatikana Megiddo, katika nchi ya Kanaani yenyewe, na baadaye Wayahudi walipelekwa uhamishoni Babeli. Chembe za ziada pamoja na njia: hivyo viwili vikikutana, sema bila woga kwamba kisa kilihama.

Kuna udugu wa namna nyingine, usiotokana na kuazima bali na kurithi, na mfano wake bora tunao wenyewe. Ni kisa cha mkuki na ushanga. Waacholi humsimulia Gipir na Labongo; Waalur nao wana toleo lao; Wajaluo wa huku husimulia Podho na Aruwa. Ndovu anavamia shamba. Ndugu mmoja, kwa haraka, anashika mkuki wa mwenziwe na kumchoma ndovu, ndovu anatoroka nao. Mwenye mkuki anakataa fidia yoyote: anautaka uleule. Aliyeupoteza anasafiri hadi nchi ya ndovu, anakutana na bibi kizee anayemrudishia mkuki na kumpa shanga. Anarudi. Siku zinapita, mtoto wa yule mwenye mkuki anameza ushanga mmoja. Sasa ni zamu ya mwenye ushanga kukataa fidia: anautaka uleule. Mtoto anapasuliwa tumbo. Ndugu wanatengana milele, na matoleo ya Uganda huweka utengano huo kando ya Nile, karibu na Pakwach, pamoja na shoka lililozamishwa mtoni.

Pima. Ugomvi wa mkuki peke yake ungetosha kutenganisha ndugu. Ushanga ni chembe ya ziada. Ndovu ni chembe ya ziada, kwani nyati angefaa. Bibi kizee vilevile. Mnyororo huu wote unakutwa kwa watu ambao lugha zao ni za ukoo mmoja na ambao historia yao ya kuhama kutoka kaskazini inakubaliwa na wanahistoria. Kisa kilisafiri na watu wenyewe, kama sehemu ya mizigo yao.

Japani wana kisa kilichoandikwa katika kitabu cha Kojiki, mwaka 712. Ndugu mdogo anaazima ndoana ya kakake, inapotea baharini. Anavunja upanga wake na kutengeneza ndoana 500, kaka anakataa. Anatengeneza 1,000, kaka anakataa: anaitaka ileile. Mdogo anashuka hadi jumba la mungu wa bahari, ndoana inapatikana kooni mwa samaki, na anarudi na vito viwili vya kuamuru maji kujaa na kupwa. Tazameni: chombo kilichoazimwa, fidia iliyokataliwa, safari ya ng'ambo, na zawadi ya vito kule, shanga huku. Visa vya ndoana iliyopotea vipo pia katika visiwa vya Indonesia, kwa hivyo Japani si peke yake. Lakini kati ya Indonesia na Nile njia haionekani, na vito vya Kijapani vina kazi ya kumshinda kaka, ilhali ushanga wa kwetu ndio unaomuua mtoto. Maoni yangu ni kwamba kukataa fidia ni nguzo, kwa sababu kila jamii yenye sheria ya kuazimana inajua mtu anaweza kuitumia sheria hiyo kumwangamiza nduguye. Vito na shanga vinanisumbua kidogo, na ni vizuri visumbue. Mtafiti asiyesumbuliwa na kitu huwa hajaangalia.

Sasa kifo. Hapa magharibi mwa Kenya tumekaa juu ya hazina. Wabukusu husimulia kwamba kinyonga alimwendea mwana wa Maina jioni, akiwa anakula, akaomba chakula, akanyimwa. Kinyonga akalaani: mtakufa. Nyoka alipokuja akapewa chakula, naye akabarikiwa, ndiyo maana hujivua ngozi na kuwa mpya. Katika kisa cha Wajaluo, binadamu wanatakiwa kutuma kipande cha mafuta meupe juu ili kifo kiondolewe. Kinyonga anakibeba, anakichafua njiani, kinakataliwa. Wanandi, kama walivyoandikwa na Hollis mwaka 1909, husema mbwa alikuja akaomba maziwa kwenye kibuyu na pombe kwa mrija. Watu wakamcheka, wakammiminia kwenye kigoda, naye akatangaza kwamba watu watakufa na mwezi pekee ndio utakaofufuka. Ukishuka hadi kwa Wazulu, kinyonga anatumwa na habari za uzima, anachelewa njiani, mjusi anamtangulia na habari za kifo.

Angalieni kinachotokea kwa kinyonga. Kwa Wazulu ana kazi inayomfaa: mwendo wake ni wa polepole, kwa hivyo anachelewa. Kwa Wajaluo anachafua mafuta. Kwa Wabukusu ni mwombaji mwenye kisasi. Kisa kimebadilika kila mahali, ilhali mhusika amebaki. Mwombaji wa chakula angeweza kuwa kobe, au mzee, au kunguru. Kwamba ni kinyonga yuleyule, katika jamii za Kibantu na za Kiniloti zinazopakana, hiyo ni chembe ya ziada ya nguvu sana. Inaonyesha kwamba mipaka ya lugha haikuzuia visa. Watu walioana, walifanya biashara sokoni, walilea watoto wa majirani.

Ngozi ya nyoka ni jambo jingine. Katika Gilgamesh, nyoka anaiba mmea wa kurudisha ujana, na anapoondoka anajivua ngozi. Je, Bungoma na Babeli zilikutana? Hakuna haja. Nyoka hujivua ngozi kila mahali, na mtu yeyote anayeikuta ngozi hiyo njiani anajiuliza swali moja. Ndivyo ilivyo na mwezi unaopotea na kurudi: Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika wanaye sungura aliyeharibu ujumbe wa mwezi, nasi tunaye mbwa wa Wanandi. Macho yameona kitu kimoja. Ndivyo pia jiwe linalotiririsha maji pale Ilesi, barabara ya Kakamega, linavyosemwa kuwa linalia, na jiwe la mlima Sipylus nchini Uturuki likasemwa na Wagiriki kuwa ni Niobe anayewalilia wanawe.

Kisa kinachowakosesha watu wengi ni cha Lwanda Magere, jagina wa Wajaluo ambaye silaha hazikuingia mwilini mwake, mpaka mke aliyetoka kwa adui alipoifichua siri yake. Kila mwaka mwanafunzi huandika kwamba Lwanda ni Samsoni aliyepewa jina la Kijaluo. Mke kutoka kwa adui, siri ya nguvu, usaliti: vyote vinafanana. Lakini pimeni. Jagina asiyeuawa ambaye hata hivyo amekufa lazima awe na mahali palipo wazi, na lazima mtu wa karibu apajue; adui hawezi kupajua kwa kubahatisha. Hizo ni nguzo. Ndiyo maana Fumo Liyongo wa pwani ana kitovu na sindano ya shaba mkononi mwa mwanawe mwenyewe, na Akile wa Wagiriki ana kisigino. (Homer hakitaji kisigino hicho, kinaonekana wazi kwa mshairi Statius, katika karne ya kwanza. Hata siri ya jagina huongezwa baadaye.) Sasa tazameni jinsi siri ya Lwanda ilivyofichuka. Anaugua. Anataka kuchanjwa ili dawa ipakwe kwenye chale. Mke anachanja mwili, kisu hakiingii. Lwanda anamwambia achanje kivuli, na damu inatoka. Samsoni hana hata kimoja cha hivi: siri yake inatolewa kwa kubembelezwa, na nguvu ziko kwenye nywele. Tiba ya kuchanja na kivuli kama sehemu ya uhai ni vya hapa hapa Kano. Kama kuna toleo ambamo Lwanda ananyolewa, hilo ndilo tulishuku.

Na hili la kushuku tulichukue kwa uzito. Misheni ya Kaimosi ilianza 1902 na ya Maseno 1906. Kwa zaidi ya miaka mia moja fanani wetu, yaani wasimulizi, wamekaa kanisani Jumapili. Kisa cha Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, kinasema bibi kizee alinyimwa hifadhi katika kijiji chenye sherehe, mwanamke mmoja akamkaribisha, akaonywa aondoke, na maji yakameza kijiji. Kinafanana na Lutu, na kinafanana na wazee Filemoni na Baukisi katika shairi la Ovid, mshairi wa Roma ya kale, ambao peke yao waliwakaribisha miungu waliojibadilisha kuwa wasafiri. Ukarimu kwa mgeni ni sheria ya kila mahali, na ziwa la Simbi lenyewe linadai maelezo: ni shimo la volkano, la mviringo, halina mto unaoingia, maji yake ni ya magadi ilhali Ziwa Victoria lililo karibu lina maji baridi. Lakini fanani akikwambia mwanamke aliyeokoka alikatazwa kugeuka nyuma, simama hapo. Hiyo ni chembe ya ziada ya Mwanzo 19. Usiifute, usimsahihishe. Iandike, na uulize aliisikia kwa nani.

Hii inanileta kwenye kazi yenyewe, kwa sababu chembe za ziada ndizo za kwanza kupotea mikononi mwetu. Zinapotea tunapofupisha. Mwanafunzi anaandika "mke alimsaliti", na kisu, chale na kivuli vimekwisha. Kwa hivyo rekodi kisa chote, katika lugha ya fanani, kabla ya kutafsiri hata sentensi moja. Usianze kwa kuuliza "Je, mna kisa cha gharika?" Utapewa Nuhu, kwa heshima. Uliza kuhusu mahali: ziwa hili lilikujaje, jiwe lile ni la nani. Akimaliza, ndipo uulize maswali, na maswali yawe wazi: nini kilifuata, nani alikuwepo. Mwandikie fanani umri wake, kijiji alikozaliwa na kijiji alikoolewa (hili la pili husahaulika, na akina mama ndio waliovusha visa vingi), alikisikia kwa nani, na kama amewahi kukisoma shuleni au kukisikia redioni. Matoleo mengi ya Lwanda Magere tunayokusanya leo yametoka vitabuni na kurudi vijijini.

Toleo moja halina thamani ya kulinganisha. Pata angalau matano, kutoka vijiji visivyopakana, kabla ya kusema "Wajaluo husema" au "Wabukusu husema". Kisha chora jedwali: kila toleo safu yake, kila tukio mstari wake. Kisa cha kawaida hutoa mistari kati ya 15 na 25. Ukipata 6 umefupisha, ukipata 60 unahesabu maneno. Weka alama ya nguzo au ya ziada kwa kila mstari, na mfanye kazi hiyo watu wawili bila kuonana majibu, kisha mjadili mlipotofautiana. Andika pia kisichokuwepo. Mtu anayehesabu kufanana tu bila kuhesabu kutofautiana atathibitisha chochote anachotaka.

Baada ya hapo faharasa ya motifu, yaani orodha ya vipengele vinavyojirudia katika visa, ya Mmarekani Stith Thompson, iliyotolewa upya kwa majuzuu sita kati ya 1955 na 1958, itawasaidia. Siri ya nguvu iliyofichuliwa kwa hila ni K975. Miungu waliojibadilisha kuwa wageni ni Q1.1. Namba hizi hufungua mlango wa masimulizi ya dunia nzima, ila zina hatari: ukishaandika K975, kivuli na nywele vimekuwa kitu kimoja. Namba ni ya kutafutia, si ya kuhitimishia. Wapo wanaokwenda mbali zaidi kwa kompyuta. Mwanaanthropolojia Jamshid Tehrani mwaka 2013 alilinganisha matoleo 58 ya kisa cha msichana wa kofia nyekundu na visa vya jamaa yake, kwa vipengele 72, akitumia mbinu ambazo wanabiolojia hutumia kuchora koo za viumbe. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu waliomtangulia waliandika vipengele vyote, hata vile vilivyoonekana havina maana.

Kinyonga wetu hajachorewa ukoo wake kwa undani huo, na matoleo yapo kwa wazee walio hai, Bungoma, Kapsabet, Ahero. Baada ya chai tutakaa kwa meza kufuatana na mlikotoka. Kila meza isimulie kisa chake cha chanzo cha kifo, mmoja asimulie na wengine wanyamaze mpaka mwisho, simu zikiwa zimewashwa. Kisha chukueni karatasi zilizo mezani, mwanze na mstari wa kwanza: nani alitumwa, na alibeba nini.